Safari Inalala Wapi? Shajara ya kutafuta kompyuta ya baiskeli, Mtwara

Jumanne, 14 Mei 2024

Siku ya tatu leo intaneti inakuja kwa matone. Jumapili nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi nzima inalalamika. Sisi wa kusini tulikuwa hata hatujapumua, maana mvua za Kimbunga Hidaya zilishaikata barabara ya Dar pale Somanga mwanzoni mwa mwezi. Mimi ni fundi simu, na wateja wananiletea simu mezani wakidhani zimekufa. Nawarudisha nazo: simu nzima, mtandao ndio hakuna.

Kilichonikalisha kuandika lakini ni changu mwenyewe. Nina kompyuta ya baiskeli, kile kidude cha kwenye usukani kinachorekodi safari, niliyoinunua mpya mwaka juzi. Jina la kampuni siliweki hapa. Kurekodi inarekodi vizuri. Februari nilibadilisha simu, na programu yake ikataka namba ya uthibitisho ipitie laini niliyokwisha kuipoteza. Nikaendelea kuendesha, nikijua safari zimo ndani ya kifaa na siku nikipata nafasi nitazitoa. Jumapili nikakaa nilimalize. Intaneti hakuna, kwa hiyo akaunti haifunguki. Akaunti isipofunguka, programu haizungumzi na kifaa, hata vikilaliana juu ya meza moja.

Nikachomeka waya kwenye laptopu. Inachaji, basi. Nikafungua kasha na kuweka mita. USB ya kawaida ina nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, na katika kifaa hiki zile mbili za data hazikuunganishwa popote. Hakuna kilichoungua wala kukatika. Aliyekichora aliamua mlango huo usiwepo.

Jioni nikatoka kwenda Mikindani kutuliza kichwa. Niliporudi memori ilikuwa imejaa, na kifaa kimefuta safari za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Ya kwanza kuondoka ilikuwa ya tarehe 25 Februari.

Siku hiyo nilikuwa na mjomba. Ndiye aliyenifundisha baiskeli, mguu mmoja umepitishwa chini ya mtalimbo kwa sababu siti ilikuwa juu kuliko kifua changu. Alinipeleka kunionyesha vipande vya tuta la reli ya karanga, ile waliyoijenga Waingereza kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga uliokuja mwaka 1947 na kufa 1951. Treni zilisimama mwaka 1962, reli ikang'olewa, mikorosho na nyasi zikachukua nafasi. Mjomba anayajua matuta hayo kwa sababu baba yake alilipwa ujira wa kusukuma udongo pale. Tulizunguka asubuhi nzima, yeye mbele na Phoenix yake, mimi nyuma nikirekodi. Aprili goti lake likagoma. Daktari kamkataza kupanda baiskeli.

Kwa hiyo nilichopoteza si kilomita.

Jumamosi, 18 Mei

Nimemweleza mjomba. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, hiyo safari yetu usiku ilikuwa inalala wapi?"

Sikuwa na jibu la moja kwa moja, na nadhani hapo ndipo kosa lilipo. Nilinunua kifaa nikiuliza betri inakaa saa ngapi, skrini inaonekana juani, bei gani. Sikuuliza safari ikishaisha inakwenda kulala kwa nani.

Kuanzia leo mtihani wangu ni huu, na kifaa kisipoupita sikitazami tena: zima data ya simu, zima Bluetooth, chomeka waya kwenye kompyuta yoyote. Safari inatoka au haitoki? Na ikitoka, inatoka kwa umbo ambalo programu nyingine zinalisoma?

Jumapili, 2 Juni

Wiki mbili za kusoma, nyingi usiku bando likiwa rahisi.

Nilianza na simu yenyewe, kwa kuwa simu ninazo za kumwaga. Kuna programu ya Android inaitwa OpenTracks. Haiombi kabisa ruhusa ya intaneti, inarekodi kwa GPS ya simu na kutoa faili la GPX au KML, maumbo ya kuhifadhi njia ambayo programu nyingi zinayasoma. Kwa mtu asiye na hela ya kifaa kingine, nasema aanzie hapo bila aibu. Mimi nimeiendesha siku nne. Saa sita mchana wa Mtwara simu iliyofungwa kwenye usukani inachemka mpaka inapunguza mwanga wa skrini yenyewe, na simu inayopigia wateja sitaki iwe mbele ya usukani kwenye mashimo ya barabara za mashambani. Nimeiacha kama akiba.

Upande mwingine kabisa zipo spidomita za sumaku. Sumaku kwenye spoku, swichi ndogo kwenye uma, betri ya CR2032, na unaiambia mzunguko wa tairi kwa milimita. Nimemfungia mjomba moja kwenye Phoenix hata kama haendeshi, mjukuu wake anaendesha. Majedwali ya viwandani yanasema tairi la 700x25 ni milimita 2105, lakini gurudumu la Phoenix la inchi 28 ni kubwa zaidi, hivyo tulichora chaki kwenye tairi, mjukuu akakaa juu, tukasukuma mzunguko mmoja sakafuni na kupima kwa futi kamba: 2221. Ukipima bila mtu juu inakuwa ndefu kidogo, kwa sababu tairi halijabonyea. Hii haihitaji akaunti ya mtu yeyote mpaka kiama. Ila inajua umbali tu, haijui ulipita wapi, na mimi nataka njia.

Basi nikaja kwenye zenye GPS. Humu ndimo ilipo tofauti niliyokuwa siioni. Nyingi zinaandika faili la aina moja, FIT, lililotoka kwa Dynastream, kampuni ya Kanada iliyobuni ANT+, mawasiliano ya vihisi yasiyo na waya, na kununuliwa na Garmin mwaka 2006. FIT ni faili dogo na gumu kulisoma kwa macho: mahali hapaandikwi kwa digrii, bali kwa namba nzima ambayo 2 kwa kipeo cha 31 ni sawa na digrii 180, na saa inahesabiwa kwa sekunde tangu 31 Desemba 1989. Hilo halinisumbui. GPSBabel inaligeuza kuwa GPX, GoldenCheetah na GPXSee zinalifungua hivi hivi, zote za bure na zote zinafanya kazi bila mtandao. Umbo la faili si kufuli. Kufuli ni njia ya kulifikia.

Wahoo, kwa mfano, faili lake unaweza kulitoa kwa waya, lakini ELEMNT, kompyuta yao ya baiskeli, unaiandaa na kuipangia kurasa zake kwa programu ya simu. Programu hiyo ikiacha kukubali simu yako ya zamani, umekwama. Hammerhead Karoo ina skrini nzuri kuliko zote nilizoziona kwenye picha, ila mwaka 2022, baada ya SRAM, watengenezaji wa gia, kuinunua Hammerhead, washindani wao Shimano walitaka uwezo wa kuzungumza na gia zao za umeme za Di2 uondolewe, na ukaondolewa kwa sasisho. Mtu alilala na kifaa kinachojua gia zake, akaamka hakizijui. Gia za umeme mimi sina na sitakuwa nazo, lakini kitu nilichokilipia kupungua kikiwa mikononi mwangu ni jambo linaloniuma hata likimpata mwingine.

Garmin nimewafikiria muda mrefu zaidi kwa sababu ya kisa cha Julai 2020. Tarehe 23 mwezi huo walivamiwa na programu ya utekaji data, na Garmin Connect ikazimika kwa siku kadhaa. Dunia nzima watu walikuwa na saa na kompyuta za baiskeli zisizoweza kupeleka safari kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni. Lakini vifaa viliendelea kurekodi, na wenye Edge, kompyuta za baiskeli za Garmin, walichomeka waya, wakafungua folda ya Activities, wakabeba faili zao wenyewe na kuzipeleka kwingine. Kwangu hicho ni kipimo kuliko tangazo lolote: wingu lilianguka, safari hazikuanguka.

Nimeangalia pia ile Pizero Bikecomputer, ya kujijengea kwa Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo ya bodi moja. Mkono unaniwasha. Lakini kwa vumbi, chumvi ya bahari na vipuri vya kuagiza mbali, ni mradi wa mwaka mzima, na goti la mjomba halisubiri.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamua. Edge 800, iliyotumika.

Ni ya mwaka 2010, na uzee wake ndio ninaoutaka. Haina Bluetooth wala Wi-Fi. Simu haijui na simu haiijui. Ina ANT+ kwa ajili ya vihisi, ina kipimo cha hewa cha mwinuko, ina tundu la memori kadi ya microSD, na ukiichomeka inajitokeza kama fleshi. Hakuna mtu anayeweza kuiletea sasisho usiku. Edge 130 ya mwaka 2018 nayo inafunguka kama fleshi na ni ndogo tamu, ila haina ramani, na kwa vichochoro vya mikorosho nahitaji ramani.

Hizi mpya kabisa za ukoo huo huo zimehamia njia nyingine ya USB, MTP. Faili bado linatoka, lakini kompyuta nyingine zinahitaji programu ya kuongezea. Mtu anayenunua leo na aulize hilo pia.

Jumamosi, 22 Juni

Binamu yuko Dar, kapata moja kwa muuzaji wa vitu vya mtumba, shilingi 170,000. Nilimwomba asitoe hela kabla ya mtihani. Akaenda na laptopu yake, simu akazima mbele ya muuzaji, akachomeka, akanipigia kwa simu ya muuzaji huyo huyo:

"Dada, imefunguka kama fleshi. Imeandika GARMIN. Kuna folda ya Activities na ndani kuna safari za mtu."

"Zimo ngapi?"

"Nyingi. Inaonekana za Ulaya huko."

Nikamwambia alipe. Safari za yule mtu tumezifuta bila kuzifungua. Lakini nimejiuliza: angeuza kifaa chenye akaunti, nani angekuwa amefungiwa nje, yeye au mimi? Kompyuta ya baiskeli ya mtumba ikiuzwa ikiwa bado imefungwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza, mnunuzi mpya anapata saa ya ukutani. Ukiona bei ya chini ajabu, omba iwashwe upya mbele yako mpaka ukurasa wa kurekodi utokee.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, duka nimefunga. Kifurushi kilifika juzi kwa basi.

Waya wake ni mini-USB, ule mpana wa kamera za zamani. Nilikuwa nao kwenye boksi la nyaya ambalo kila mtu nyumbani ananiambia nilitupe.

Nimeitoa barazani, nikaiwasha. Dakika ya kwanza hakuna, ya tano hakuna. Hapa wengi wangesema mbovu. Kifaa kilizimwa miezi Ulaya au Dar, sasa kinaamkia digrii 10 kusini ya ikweta na hakijui setilaiti zipi ziko juu. Kila setilaiti inatangaza njia yake yenyewe kwa marudio ya sekunde 30, lakini kalenda nzima ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kuipokea. Vifaa vipya vinakata huo muda kwa kuvuta faili la utabiri kutoka kwenye simu, na hii ndiyo hoja kubwa ya wauzaji kwamba bila wingu GPS haifanyi kazi. Inafanya. Nilichemsha chai, nikamenya ming'oko, niliporudi ilikuwa imeshika. Tangu hapo kila nikiiwasha inashika kabla sijamaliza kufunga kofia.

Tarehe pia nimeitazama kwa makini. Hesabu ya wiki ya GPS inarudi sifuri kila wiki 1024, mara ya mwisho usiku wa 6 Aprili 2019, na vipokezi vingine vya zamani viliachwa vikiishi karibu miaka 20 nyuma. Hii imeandika 7 Julai 2024. Nikashukuru.

Betri ndiyo imechoka. Kiwandani waliahidi hadi saa 15, mimi nimepata 4 na dakika kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Ramani. Nimepakua data ya OpenStreetMap ya Tanzania iliyokwisha kupikwa kwa umbo la Garmin, faili moja liitwalo gmapsupp.img, nikaliweka kwenye folda ya Garmin ndani ya memori kadi iliyoumbwa (format) kwa mfumo wa FAT32. Kadi ya kwanza ilikataa, ilikuwa exFAT. Ya pili imekubali, na Mtwara ikatokea: Shangani, Ligula, Chikongola, barabara ya Mikindani ikipinda na ghuba. Ramani iliyochorwa na watu wa kujitolea, imelala kwenye kadi ya ukubwa wa ukucha, haidai bando. Nilikaa nayo kitandani naivuta huku na huku mpaka usiku.

Upande wa Naliendele na zaidi ni tupu. Njia ninazozipita kila Jumapili hazimo. Watu wa vijiji vile wanatembea kwenye weupe.

Jumamosi, 20 Julai

Betri mpya nimeweka. Kasha limebandikwa kwa gundi, si skrubu; nimelipasha joto taratibu kwa kikaushio na kulifungua kwa kadi ya plastiki. Kuunganisha nyaya dakika kumi, kufunga tena ili maji yasiingie nusu siku. Leo: Mtwara hadi Mikindani, kupanda juu, kurudi kwa Naliendele, na salio la betri linaonyesha zaidi ya nusu.

Jumapili, 4 Agosti

Mwinuko. Edge 800 inakadiria kwa shinikizo la hewa, na karibu na usawa wa bahari badiliko la hektopaskali moja, kipimo cha shinikizo hilo, ni kama mita 8. Hewa ikibadilika kati ya asubuhi na mchana, nyumba yako inapanda bila wewe kusogea. Unahitaji mahali unapopajua uiambie "hapa ni hapa". Nikadhani bahari ndiyo rahisi, nikashuka Mikindani. Mvuvi mmoja akaniuliza napima nini. Nikamwambia usawa wa bahari.

"Ipi, fundi? Leo bamvua. Saa nne hii maji yako kule, saa kumi yatakuwa hapa miguuni pako."

Kweli, mwezi umeandama na tofauti ya kupwa na kujaa kwetu inapita mita 3. Nimechagua jiwe la ukuta wa zamani lililo katikati ya alama ya maji makubwa na madogo, nimelihifadhi kama kituo cha sifuri, na kila nikipita naanzia hapo. Kifaa chenye wingu kingejisahihishia chenyewe kwa ramani ya mwinuko ya kampuni, na nisingejua kimesahihisha nini.

Jumapili, 25 Agosti

Leo tumeirudia ya Februari.

Mjomba kapanda bodaboda, mimi nyuma kwa baiskeli, Edge kwenye usukani wangu. Kijana wa boda tulimwambia aende pole pole kama amebeba mayai, naye akatii. Mikorosho iko kwenye maua na harufu ya salfa ya kupulizia ilikuwa bado hewani. Mjomba alikuwa ananyoosha fimbo: hapa, hapa, lile bonde walijaza kwa mikono. Sehemu mbili alisimama muda mrefu, hakuwa na uhakika tuta lilipita upande gani wa mti, na mti wenyewe alikiri haukuwepo wakati huo. Nilibonyeza kitufe cha kipande kipya kila tulipofika pasipo na shaka, nikakiacha pale penye shaka.

Nyumbani, laptopu juu ya mkeka, simu zote zimezimwa. Waya. Activities. Faili likatoka, kilobaiti mia na kitu, nikaligeuza GPX na kulifungua kwa programu ya kuandikia ili mjomba aone. GPX ni maandishi tu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, hasi kumi nukta, kisha akafika kwenye saa.

"Hapa imedanganya. Sisi tuliondoka saa mbili. Imeandika tano."

Nikamweleza kwamba inaandika kwa saa ya dunia, sisi tuko mbele saa tatu. Mbili asubuhi yetu kwa mzungu ni nane, toa tatu, tano. Akahesabu kwa vidole, akakubali.

Jumapili, 1 Septemba

Nimeweka njia za Naliendele kwenye OpenStreetMap, zile tunazopita. Kuhusu reli nimebishana na rafiki tunayeendesha naye. Yeye anataka mstari mzima kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, kwa kuwa historia inajulikana. Mimi nimeweka vipande vitatu tu ambavyo tuta linaonekana kwa macho, na kuvitaja kama reli iliyoachwa. Utaratibu wa ramani ile ni kuchora kilichopo ardhini, na mtu mwingine akienda akute. Sehemu za kumbukumbu ya mjomba peke yake zimebaki kwenye faili langu pamoja na maelezo yake niliyoyaandika kando. Hazijapotea. Ramani ya wote si mahali pake mpaka mtu akazione.

Kile kifaa cha zamani bado kiko mezani kimefunguliwa. Mteja mmoja anataka skrini yake, nitampa.

Jumapili, 8 Septemba

Nakala ziko tatu: kadi ya Edge, laptopu, na fleshi niliyompelekea mjomba, ndani ya kopo la maziwa ya unga analowekea hati ya shamba. Nimeibandikia karatasi: "Reli, 25/8/2024". Ameniuliza kama fleshi inaharibika. Nimemwambia ndiyo, inaweza, ndiyo maana nitakuja kila mwaka wakati wa mabibo kuipima na kunakili upya.

Kilichobaki: mpira wa kifuniko cha tundu la waya umeanza kupasuka. Nimeukata wa kiraka cha tyubu kwa vipimo, unakaa, ila bado unavujisha ukiuweka kwenye beseni. Nina hadi Novemba kuupata sawasawa kabla ya mvua.